Mkwaruzo Ubavuni mwa Pete

"Samahani dada, hiyo uliyochukua ni yangu."

Radi aliitazama pete iliyokuwa katikati ya vidole vyake, halafu akalitazama bakuli. Humo kulikuwa na pete nyingine. Upana uleule, rangi ileile.

Bakuli lenyewe lilikaa juu ya meza ndogo nje ya chumba cha mashine, na sheria yake haikuwa na mjadala. Kabla hujaingia unavua pete, saa, bangili na herini, unaviweka humo, unavaa glavu. Alama moja ya kidole ndani ya chemba ya plazma, gesi inayowashwa kwa umeme, ilitosha kuharibu kazi ya wiki nzima, na Radi, mkuu wa maabara ile, hakuwa na utani na vidole vya watu. Jina la Radi alipewa tangu utotoni, maana mvua ya radi ikianza wenzake walikimbilia chini ya kitanda, yeye alikimbilia dirishani. Ukubwani akajipatia radi yake mwenyewe, inawaka rangi ya zambarau ndani ya pipa la chuma lililonyonywa hewa yote.

Aliyemsemesha alikuwa daktari wa mifupa kutoka hospitali iliyokuwa ikisubiri vyuma vya kuungia mifupa. Maabara ilivipaka utando mwembamba wa titani ili visilike ndani ya miili ya wagonjwa. Alitarajiwa kesho yake, akaja leo kwa sababu kesho alikuwa na upasuaji. Radi alikuwa ametoka kumwonyesha mashine, na walikuwa wamecheka pamoja vizuri tu.

"Hii ni yako?" Radi aliuliza.

"Yangu, ndiyo. Lakini jamani, zimefanana kama mayai! Ya kwako umeipata wapi?"

Radi aliinua pete kwenye mwanga. Alikuwa anaiangalia rangi. Titani ikichanganywa na gesi ya naitrojeni ndani ya plazma hutoa utando wa rangi ya dhahabu, mgumu kuliko chuma chenyewe. Hiyo ni siku ya kawaida. Siku moja tu valvu ya gesi ilikwama, naitrojeni ikazidi, na kilichotoka kikawa chekundu kama shaba iliyosuguliwa. Siku hiyohiyo Injinia, mchumba wake, alitoka chumba cha mashine na pete kiganjani, akapiga goti sakafuni katikati ya mitungi ya gesi.

"Rangi hii haitatoka tena duniani," alimwambia. "Valvu nimeshaibadilisha."

Radi alilia siku ile mpaka miwani ya kazi ikaingia ukungu.

"Nimepewa," alisema sasa, taratibu. "Na wewe?"

"Mchumba wangu." Daktari alitabasamu kama msichana. "Tena yuko humuhumu kwenu. Nilitaka nimshtukize, kumbe leo ameenda kufuata mitungi ya gesi. Injinia. Si unamjua?"

"Namjua. Jumamosi ananioa."

Tabasamu la daktari lilibaki usoni, limesahauliwa pale.

"Sema tena?"

"Jumamosi hii. Kadi zimeshagawiwa."

Daktari alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuona mifupa imetoka nje ya ngozi, lakini hili lilikuwa geni kwake.

"Mimi ananioa mwakani," alisema. "Amesema amalizie mradi kwanza. Huku nisije kwa sababu mkuu wake ni bibi mmoja mkali, anakaribia kustaafu, hataki wageni."

"Bibi mwenyewe ndiye mimi."

"Mungu wangu!"

"Na mimi aliniambia daktari wa mifupa ni mzee mwenye kipara, msumbufu. Vyuma alivipeleka hospitali mwenyewe kila mara ili kuniondolea kero."

Walitazamana. Kicheko kiliwafika kooni wote wawili, kikashindwa kutoka.

"Alikwambia nini alipokuvisha?" Radi aliuliza.

"Kwamba imejengwa chembe juu ya chembe. Kwamba haina pacha."

"Nipe zote mbili."

Aliziweka chini ya hadubini. Mikono yake ilitulia kabisa, na utulivu huo ulimtisha mwenyewe. Kila pete ilikuwa na nukta moja ndogo isiyo na rangi, mahali waya ulipoishikilia wakati inaning'inia kwenye plazma. Pete mbili zilining'inia bega kwa bega, kwa gesi moja, siku moja. Bwana harusi alikuwa anabana matumizi.

Kisha Radi akaona kingine. Ubavuni mwa pete yake kulikuwa na mstari. Alikuwa anaujua mstari huo, alikuwa akiupapasa kwa kidole gumba kila akiwa na mawazo. Injinia alimwambia ni alama ya waya, naye akakubali. Hakuwahi kuuleta chini ya lenzi. Nani anapima mapenzi kwa hadubini? Sasa aliuona vizuri. Ulianza mwembamba kama unywele, ukapanuka kidogo kidogo, kingo zake zikiwa zimemeguka. Waya haukwaruzi hivyo. Hiyo ilikuwa kazi ya sindano ya almasi.

Kila walipopaka kitu cha thamani, walitundika pembeni yake kipande cha pili. Kile cha thamani hakiguswi. Cha pili ndicho kinachowekwa chini ya sindano, kinakwaruzwa kwa uzito unaoongezeka, ili ijulikane kama utando umeshika. Maabara nzima ilikiita kafara.

Aliitazama pete ya daktari, akaigeuza, akaitazama tena. Ilikuwa na nukta tu. Ubavu mzima ulikuwa laini.

"Umeona nini?" daktari aliuliza.

"Zimetoka siku moja," Radi alisema. Mengine aliyameza.

Simu yake ikaita. Mama.

"Wewe mtoto, gauni limefika! Shangazi yako analishikilia kama yeye ndiye anayeolewa. Unakuja saa ngapi kulijaribu?"

"Nina kazi, Mama."

"Kazi, kazi! Utaolewa na hilo pipa lako."

"Afadhali," Radi alisema, akakata.

Daktari alikuwa amesimama, macho mekundu, taya limekaza.

"Sikiliza, dada yangu," alisema. "Mimi si mtoto. Akija, wote wawili tunamrudishia pete zake hapahapa. Abaki nazo, avae mwenyewe mkono huu na huu. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

"Hakuna kurudi nyuma?"

"Mimi sina pa kurudi," Radi alisema.

Walishikana mikono. Mkono wa daktari ulikuwa wa moto, na kwa dakika ile Radi alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Ujumbe ukaingia: "Mpenzi nimerudi na mitungi. Mgeni wa hospitali ni kesho eti? Nitampokea mwenyewe, usijichoshe, bibi harusi wangu."

Radi akajibu: "Njoo chumba cha mashine."

Daktari aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akaurudisha mlango bila kuufunga. Pete zote mbili zilirudi bakulini.

Injinia alikuja anapiga mluzi. Alikuwa mtu wa kupendeza, hilo halina ubishi. Mashati yake hayakuwahi kukunjamana hata akibeba mitungi. Mluzi ulikatika alipofika kwenye bakuli.

"Za nani hizi?"

"Moja yangu. Nyingine ya daktari wa hospitali. Kumbe si mzee mwenye kipara."

"Alikuja?" Alitazama nyuma yake. "Si ilikuwa kesho?"

"Alikuja leo, ameisahau. Alikuwa na haraka."

"Alisema... alisema chochote?"

"Kuhusu nini?"

"Hapana, kuhusu vyuma vyake."

"Amevisifu. Sasa nisaidie, Mama ananisubiri na gauni na mimi sitaki kuvaa pete ya mtu. Yangu ni ipi?"

Rangi ilimrudia usoni. Kama ni hilo tu, basi alikuwa amepona. Akachukua pete ya kwanza na kupitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni, polepole, mzunguko mzima. Akaiweka chini. Akachukua ya pili, akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama.

"Hii hapa!" alisema kwa furaha. "Mke wangu, nitaacha kuijua pete yako?"

Alikuwa amepatia. Radi alisikia kitu kinakatika kifuani. Mpaka dakika ile alikuwa bado anaomba kimoyomoyo akosee, achague ovyo, iwe zimechanganywa tu kwa bahati mbaya.

"Umejuaje?"

"Moyo tu."

"Moyo wako uko kwenye ukucha?"

Injinia akairudisha pete bakulini.

"Mstari huo uliniambia ni alama ya waya," Radi alisema. "Waya umeacha nukta. Ile ina nukta. Hii ina nukta na mkwaruzo. Ni nani aliyeiweka pete yangu chini ya sindano?"

"Radi..."

"Ulitundika mbili. Moja ukaikwaruza ujue kama nyingine itadumu. Ile nzima ulimpa nani?"

"Mimi," daktari alisema kutoka mlangoni.

Injinia aligeuka na kurudi nyuma hatua moja, akagonga meza. Bakuli lilitikisika.

"Jamani, subirini. Tukae, tuzungumze kama watu wazima..."

"Tunakusikiliza tukiwa tumesimama," Radi alisema. "Kwa nini mimi?"

Hapo angeweza kudanganya. Alikuwa na kipaji. Lakini aliulizwa swali la kazi na mkuu wake wa kazi, akajibu kama fundi.

"Moja lazima ipimwe, Radi. Unajua hivyo kuliko mimi. Nisingeweza kutoa pete bila kujua kama utando umeshika. Na wewe hata ukiuona mkwaruzo, ungeelewa. Yeye asingeelewa."

Radi alilivuta bakuli upande wake.

"Ningeelewa," Radi alirudia.

"Wewe ni mtu wa kuelewa. Ndiyo maana nakuheshimu."

"Na harusi ya Jumamosi ilikuwa heshima pia?"

"Bila wewe mradi huu ningeupata wapi? Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia..."

"Ungeniambia lini? Jumapili?"

Radi alimgeukia daktari, akitegemea kuona hasira kama yake. Lakini daktari alikuwa ameiokota pete yake mezani, anaipitishia ukucha ubavuni, mzunguko mzima, kama alivyofanya Injinia.

"Kwa hiyo yangu ndiyo iliyo nzima?" daktari aliuliza. Aliuliza kwa ukali, ila ukali haukufika mwisho wa swali.

Radi aliusikia. Injinia naye aliusikia, tena mapema zaidi.

"Tangu mwanzo," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu mwanzo ilikuwa yako."

"Muongo mkubwa wewe. Hata aibu huna."

"Najua. Nitukane, lakini tukatukanane nje."

Daktari alivuta pumzi. Machozi yalimshuka, akayafuta kwa kiganja, na katika kufuta huko akaivaa pete. Labda hata hakujua kuwa anaivaa. Kidole kilikuwa kimeizoea.

"Tulikubaliana," Radi alisema.

"Najua." Daktari hakuweza kumtazama. "Nisamehe, dada. Siwezi kuamua maisha yangu nimesimama mlangoni. Acha kwanza nimsikie."

"Msikie. Ana maneno mazuri."

Injinia alitangulia kutoka, haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Daktari alisita.

"Na vyuma vyangu?" aliuliza kwa aibu. "Nina mgonjwa kesho. Binti wa watu, paja limevunjika mara mbili."

"Vitakuwa tayari jioni. Binti huyo hajanikosea."

Radi alibaki peke yake na bakuli lenye pete moja. Hakulia. Kilio kilikuja, akakiambia kisubiri, kuna kazi. Aliiosha pete kwa spiriti, akavaa glavu mpya, akaingia chumba cha mashine. Vyuma vya mifupa alivitundika kimoja kimoja kwa waya. Pembeni yake, mahali pa kafara, akaitundika pete. Akafunga chemba, akawasha pampu, na hewa ilipokwisha akaruhusu gesi. Radi ya zambarau ikawaka kidirishani.

Simu iliita tena.

"Mama, waambie watu wasije Jumamosi."

"Una wazimu? Shangazi yako kashafungua mabegi!"

"Ayafunge. Au apumzike, ametoka mbali."

Sauti ya Mama ikawa nyingine, ile ya zamani, ya kumwuliza mtoto wapi panauma.

"Amekufanya nini, mwanangu?"

"Alinikwaruza, Mama. Nikawa nauona mkwaruzo kila siku. Nikaambiwa ni kitu kingine, na mimi na elimu yangu yote nikakubali."

"Njoo nyumbani."

"Nikimaliza kazi."

Alipofungua chemba, pete ilitoka na rangi ya dhahabu safi, ya siku ya kawaida. Wekundu wote ulikuwa umefunikwa. Aliiweka chini ya sindano ya almasi na kuongeza uzito mpaka mwisho wa kipimo, mbali kuliko alivyowahi kufika. Sehemu ya moyo wake ilitamani utando ubanduke, vyuma vyote viharibike, daktari aje kupiga magoti. Haukubanduka. Kazi ilikuwa nzuri, na vyuma vya daktari vilikuwa salama.

Aliiacha pete palepale chini ya sindano, akavua glavu, akachukua simu na kuandika:

"Daktari, vyuma vyako viko tayari na vimepimwa. Tuma mtu mwingine kuvichukua."