Dirisha la Chumba cha Ning

"Kipandio cha ngazi ndani ya nyumba?" Rodel aliuliza. Kitabu kizito cha kanuni za ujenzi kilikuwa kimelala juu ya magoti yake.

Marivic alijibu bila kugeuka. Alikuwa anakaanga wali wa jana na kitunguu saumu. Alitaja urefu wa kipandio na upana wake, hata namba ya kifungu.

"Sawa. Kina cha msingi mahali ambapo udongo unaganda?"

Akajibu tena, neno kwa neno.

Rodel alikuna kichwa. "Vic, umepatia mpaka mkato."

"Uliza nyingine."

"Kwa nini? Hukosei hata moja."

"Mwezi wa kumi na moja pia sikukosea, na nilianguka. Uliza."

Rodel alifunga kitabu. Alimtazama mkewe akigeuza wali kwa haraka kama mtu anayefukuzwa. Mtihani ulikuwa Jumamosi.

Waliishi Scarborough, Kanada, wakipanga kwa Kaka Doming sehemu ya chini ya nyumba yake, ile ambayo nusu yake imezama ardhini. Usiku Marivic alifunga mikate kiwandani. Kwao Iloilo, Ufilipino, alikuwa mhandisi. Alipofaulu mtihani wa serikali kule, mama yake alichapisha bango la plastiki lenye picha yake na kulitundika barabarani. HONGERA MHANDISI MARIVIC DUMLAO. Lilikaa pale mpaka jua likalipausha. Sasa lilikuwa linafunika banda la kuku.

Kampuni ndogo ya kuchora ramani za nyumba ilikuwa tayari kumwajiri, kwa sharti moja: afaulu kwanza mtihani wa kanuni za nyumba ndogo. Asubuhi hiyo walimwandikia. Mwombaji mwingine alikuwa amejitokeza. Wangemsubiri Marivic mpaka mwisho wa Aprili, si zaidi.

"Hebu niambie," Rodel alisema. "Kitabu hiki si unaruhusiwa kuingia nacho kwenye mtihani?"

"Ndiyo."

"Mara ile ulikifungua?"

Marivic alizima jiko. "Nikifungue? Kwetu ukifungua kitabu kwenye mtihani unatolewa nje umeshikwa sikio."

"Kwetu. Hapa je?"

"Mimi siyo mtu wa kuchungulia, Rodel. Nilikiweka mezani kimefungwa, nikamaliza wa kwanza."

"Ukaanguka wa kwanza."

Maneno yale yalimtoka Rodel kabla hajayafikiri. Marivic aliweka sahani mezani, akaingia chumbani kwa binti yao, Ning, akafunga mlango.

Simu ililia. Alikuwa mama yake, kutoka Iloilo.

"Mwanangu, kalamu umezipeleka kanisani zibarikiwe?"

"Nitazipeleka, mama."

"Vizuri. Na usiogope. Bango jipya nimeshalichapisha. Safari hii wameweka na bendera ya Kanada."

Marivic alikaa kwenye kitanda cha Ning. Mama yake hakujua kwamba ameshaanguka mara moja. Hakuna aliyejua ila Rodel. Hata Dada Perla wa nyumba ya jirani alipomuuliza kanisani, Marivic alisema, "Bado sijafanya."

Perla ndiye aliyekuwa anakagua ramani za nyumba katika ofisi ya mji. Alikuwa mtu wa kuulizwa. Lakini mtu aliyetundikwa barabarani ataanzaje kusema ameanguka?

Rodel aligonga mlango. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nisamehe. Nimesema vibaya."

"Umesema kweli."

"Bakuli la Dada Perla bado liko kwetu."

Marivic alielewa anachotaka. Kwa Wafilipino, bakuli la jirani halirudi tupu. Siku hiyo alipika tambi, akajaza bakuli, akaweka kitabu chini ya kwapa.

* * *

Perla alifungua mlango akiwa na taulo kichwani.

"Ee! Tambi! Nani ana sikukuu?" Halafu akakiona kitabu. "Aa. Ingia, mdogo wangu. Vua viatu, nimepiga deki."

Jikoni, Marivic aliweka kitabu mezani. "Dada, nilikudanganya. Nilishafanya. Nilianguka."

Perla alifunua bakuli, akaonja tambi kwa vidole. "Mimi nilianguka mara mbili. Mara ya pili nililia ndani ya basi mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa."

"Wewe?"

"Mimi, mwenye vyeti vya kujaza sanduku. Haya, sikiliza. Nyumba ina chumba cha kulala chini, kama kwenu. Kwenye sakafu hiyo hiyo kuna mlango unaotoka moja kwa moja bustanini. Dirisha la chumba ni dogo sana, mtu hapiti. Kanuni inakataa?"

"Inakataa," Marivic alijibu papo hapo. Akataja ukubwa wa dirisha unaotakiwa.

"Fungua kitabu."

"Ninakijua kifungu, dada. Ninaweza kukisema chote."

"Sijakwambia useme. Fungua. Weka kidole. Soma polepole, tangu neno la kwanza."

Marivic alifungua na kuanza kusoma. Kifungu kilianza hivi: isipokuwa pale ambapo mlango ulioko kwenye sakafu hiyo hiyo unatoka moja kwa moja nje. Aliyajua maneno hayo kwa moyo. Mara nyingi alikuwa ameyapita mbio, kama mtu anayepita kizingiti.

"Kuna mlango," alisema taratibu. "Basi dirisha si lazima."

"Kwa swali hili, si lazima. Umeona? Kichwa chako kilikimbilia namba. Swali halikuuliza namba."

Perla alisogeza kiti karibu. "Hawataki kujua umebeba kiasi gani kichwani. Wanataka kujua kama unaweza kulipata jibu humu ndani na kulisoma lote. Kazini kwangu hakuna anayekagua ramani kwa kukumbuka. Kanuni hubadilishwa. Aliyekariri anabaki na kanuni za zamani na hajui."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Kwanza uliza: hili ni jengo la nini, na ukubwa gani? Maana kila jengo lina sehemu yake kitabuni. Ukishajua sehemu, nenda kwenye faharasa, tafuta neno, fika kwenye kifungu. Soma chote. Kikikutuma kwenye kifungu kingine, nenda. Chini ya jedwali kuna maandishi madogo, usiyaruke. Na neno usilolijua vizuri litafute kwenye maana za maneno, hata kama unadhani unalijua. Kwetu neno ghorofa lina maana yake, humu lina maana yake."

"Na muda? Utaniishia nikipekua hivyo."

"Ndiyo sababu ufanye mazoezi ya kupekua, siyo ya kukariri. Weka vibandiko vya rangi kwenye kila sehemu. Lakini soma kwanza masharti waliyokutumia. Si kila kibandiko wala kila maandishi yanaruhusiwa. Usije ukanyang'anywa kitabu mlangoni."

Marivic alicheka kidogo, kicheko cha kwanza wiki ile.

"Jambo jingine," Perla alisema. "Kule kwetu, nyumba inaogopa nini?"

"Kimbunga. Tetemeko."

"Na hapa inaogopa barafu na moto. Nyumba hizi ni za mbao. Kila kanuni ina kitu inachokiogopa. Ukikijua, kanuni haikuponyoki. Nenda nyumbani ukapime dirisha la Ning, halafu uniambie linaogopa nini."

* * *

Marivic alipima akiwa amesimama juu ya kitanda cha Ning. Dirisha lilikuwa refu kwa upana lakini fupi kwa kimo, limebanwa chini ya dari. Alilifungua mpaka mwisho, akapima uwazi wake. Eneo la uwazi lilitosha. Alitaka kushuka. Kisha akajilazimisha kufungua kitabu na kusoma kifungu chote.

Eneo peke yake halitoshi. Hakuna upande wa uwazi unaoruhusiwa kupungua sentimeta thelathini na nane. Kimo cha uwazi ule kilikuwa thelathini na nne.

Alitazama mlango. Mlango wao wa kutokea nje ulikuwa juu ya ngazi, na ngazi zenyewe zilipita kando ya jiko. Hakuna mlango mwingine.

"Rodel," aliita. "Moto ukianza jikoni, Ning anatokea wapi?"

Rodel alisimama mlangoni. Alitazama jiko, akatazama dirisha.

Ning, mwenye miaka minane, aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake cha kuchora. "Mimi nitatoka kwa mlango. Kama kawaida."

Marivic alishuka kitandani.

"Unakwenda wapi?" Rodel aliuliza.

"Juu, kwa Kaka Doming."

"Vic, subiri. Yule ndiye mwenye nyumba. Akikasirika akatutoa, tutakwenda wapi wiki ya mtihani?"

"Sijui. Lakini leo Ning halali humu."

Kaka Doming alikuwa anatazama mpira wa kikapu. Alimsikiliza Marivic, uso ukaanza kubadilika.

"Nyumba hii nimeishi humu tangu kabla hujaijua Kanada. Wapangaji wamekuja, wamekwenda, hakuna aliyelalamika dirisha. Wewe unasoma kidogo tu, tayari umekuwa mkaguzi?"

Zamani Marivic angeanza kubishana, ataje vifungu kimoja baada ya kingine. Safari hii alikaa sakafuni karibu na kiti chake, akafungua kitabu.

"Kaka, sitaki uniamini mimi. Tusome pamoja. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na kanuni zake, nitakuonyesha na sehemu hiyo. Lakini soma kwanza hapa."

Kaka Doming alizima sauti ya televisheni, akavaa miwani. Walisoma. Alipofika kwenye vipimo aliinuka. Akateremka ngazi mwenyewe, polepole, goti likilia. Alisimama chumbani kwa Ning. Akaingiza kichwa kwenye uwazi wa dirisha. Mabega yakagoma.

"Mtoto wangu wa mwisho alilala humu miaka yote ile," alisema. Hakugeuka. "Mungu ametusitiri tu."

"Kaka—"

"Ning atalala juu kwetu. Wewe maliza mtihani wako, unichoree dirisha linalofaa. Nitaomba kibali cha ujenzi. Sitaki kukata ukuta kienyeji." Akamgeukia Ning. "Lakini juu kwangu hakuna kukoroma."

"Wewe ndiye unakoroma, babu. Tunakusikia mpaka huku."

* * *

Jumamosi, kwenye chumba cha mtihani, kalamu za Marivic zilikuwa zimebarikiwa na kitabu kilikuwa mbele yake. Swali la kwanza alilijua. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye jibu, ukasimama.

Fungua.

Masikio yalipata moto. Alihisi kama mwalimu wake wa zamani amesimama nyuma yake. Alitazama kando. Kila mtu alikuwa anapekua; chumba kizima kilisikika kama kuku wanaochakura majani makavu. Akafungua. Jibu lilikuwa kama alivyokumbuka. La pili pia. La tatu halikuwa. Chini ya jedwali kulikuwa na maandishi madogo, nayo yalibadilisha kila kitu.

Tangu hapo hakuona aibu tena. Muda ulimbana. Swali moja la ngazi lilimtuma kifungu hiki, kifungu kile, mpaka jasho likamtoka. Alilitia alama, akaliacha, akalirudia mwishoni. Safari hii hakuwa wa kwanza kutoka. Alipofunga kitabu, msimamizi alikuwa tayari anakusanya karatasi.

Matokeo yalichelewa. Kila asubuhi Rodel alimtazama akifungua simu, na kila asubuhi Marivic alitikisa kichwa. Aprili ilikuwa inakwisha yalipofika. Marivic alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwandani, unga bado kwenye nyusi. Alisoma mstari ule tangu neno la kwanza, polepole. Akausoma tena. Hapakuwa na neno "isipokuwa".

"Nimefaulu," alimwambia Rodel.

Alimpigia Dada Perla. Halafu akampigia mama yake, akamweleza yote, hata ule mtihani wa mwezi wa kumi na moja.

"Kumbe uliumia peke yako," mama alisema. "Bango nimeshalituma kwa posta. Litundike huko huko."

* * *

Kibali kilitoka mwezi wa sita. Marivic alikuwa ameshaanza kazi kwenye kampuni ile ya ramani, na ramani ya dirisha alikuwa ameichora yeye. Mafundi walichimba shimo nje ya ukuta ili mtu akitoka apate pa kusimama. Walikata ukuta, wakaweka boriti juu ya uwazi. Mkaguzi wa mji alikuja, akapima, akaandika, akaondoka.

Dirisha lenyewe lilikuwa bado limeegemea ukuta wa jikoni. Kulikuwa na wingu zito. Mafundi wakakusanya vifaa.

"Mvua itaingia yote," Kaka Doming alisema. "Nani ana plastiki?"

Rodel alimtazama Marivic. Marivic alikwenda kabatini, akarudi na bango. Lilikuwa kubwa na zito, na bendera mbili kwenye pembe. Walilitandaza juu ya uwazi, wakalibana kwa vipande vya mbao.

Ning alikimbia nje kulitazama. "Mama! Uso wako umekaa shimoni! Unawachekea sungura!"

"Waache wasome jina," Kaka Doming alisema.

Matone ya kwanza yalianza kugonga plastiki. Marivic alisimama ndani, akaweka kiganja juu ya bango na kulisukuma kidogo. Lilisukumika. Hewa ya nje iliingia pembeni, yenye harufu ya udongo.

"Leo nilale humu?" Ning aliuliza.

"Bado. Nenda juu kwa babu."

"Kesho?"

Marivic alichukua futi ya kupimia, akaenda jikoni kuiweka juu ya fremu ya dirisha lililoegemea ukuta.

"Kesho tunaliweka. Halafu wewe mwenyewe utapanda kwenye kiti, ulifungue, utoke nje. Nikishaona umetoka, ndiyo utalala."