Kimo cha Gari-Nyumba

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Chiriku alipita ofisini kwa mama yake kuuliza kama kuna gari la kupimwa. Jina la Chiriku alipewa na shangazi zake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, likamganda hadi majirani wakasahau lile la kwenye cheti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa.

Mama yake alikuwa wakala wa kusafirisha magari mabovu. Gari likimharibikia mtu mbali na kwao, mama ndiye aliyelitafutia lori, dereva, vibali na njia ya kupita. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Cha mbele kilikuwa na meza, simu mbili na ramani kubwa ukutani iliyojaa alama za kalamu nyekundu. Kila alama ilikuwa daraja la chini au waya ulioning'inia juu ya barabara, mahali ambapo mzigo mrefu ungekwama. Kwa miaka tisa hakuna gari hata moja lililosafirishwa na mama likafika limekwaruzwa, na jambo hilo alilionea fahari kuliko kitu kingine chochote.

Siri yake ilikuwa futikamba. Kila gari lilipimwa urefu, upana na kimo, na kimo kilipimwa mara mbili, upande wa kulia na upande wa kushoto.

"Ua wa gereji una mteremko," mama alipenda kueleza. "Ukipima kweli, pande mbili zitapishana sentimita moja au mbili. Nikiona zimelingana kabisa, najua mtu amepima mara moja akanakili."

Ijumaa moja mama alikabidhiwa kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Mwalimu wa hisabati aliyestaafu na mkewe, mkunga mstaafu, walikuwa wanasafiri kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na kabati ndani yake. Waliuza nyumba yao baada ya kustaafu ili wawatembelee watoto wao mmoja baada ya mwingine, wakaishi humo humo. Sasa giaboksi ilikuwa imekufa, na fundi pekee aliyeweza kuifungua alikuwa mjini kwao, kilomita mia tisa kutoka hapo. Lori lingebeba gari, wao wangefuata kwa basi.

"Kila tulicho nacho kimo mle ndani," mkunga alimwambia mama, taratibu, kama anayemkabidhi mtoto mchanga.

"Kitafika, Mama," mama alijibu. Akamgeukia binti yake. "Chiriku, nenda gereji ukalipime. Mimi nina simu za vibali."

Chiriku alipima urefu na upana vizuri, hana lawama hapo. Kimo ndicho kilichomshinda, kwa sababu kilihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa imeazimwa na fundi rangi wa mtaa wa pili. Saa kumi kulikuwa na mechi ya mpira wa pete, na yeye ndiye mfungaji wa timu. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akachungulia ndani ya gari, akaona kitabu cha gari kwenye rafu, akakifungua. Kimo: mita mbili na sentimita tisini na sita.

Kitabu hakiwezi kusema uongo, alijiambia. Akaandika upande wa kulia mita 2.96. Kalamu ikasita kwenye upande wa kushoto. Kisha akaandika 2.97.

Mama alipoipokea ile karatasi alitazama namba mbili zilizopishana kwa sentimita moja, akatabasamu. "Safi sana," alisema, akaweka sahihi. Chiriku alikwenda kucheza. Timu yake ilishinda, lakini usiku ule hakusimulia mechi kwa kirefu kama ilivyokuwa desturi yake.

Jumamosi saa tatu asubuhi lori la buluu liliondoka na gari-nyumba mgongoni. Dereva wake aliitwa Polepole, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, ambaye madereva wenzake walimtania kuwa hata kobe humpigia honi apishe njia. Paa la gari-nyumba lilikuwa limefunikwa turubai la kijivu kwa sababu dirisha la juu lilikuwa linavuja, na hakuna aliyelifunua. Polepole aliisoma karatasi, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Karatasi za ofisi ile hakuwa na haja ya kuzihakiki.

Njia ilikuwa imeshachaguliwa. Jukwaa la lori lilikuwa na kimo cha mita moja na sentimita kumi. Ukijumlisha na gari, unapata mita nne na sentimita saba. Kwenye barabara fupi kulikuwa na daraja la reli linaloruhusu mita nne na sentimita ishirini. Sentimita kumi na tatu zilitosha, alisema mama, na hapakuwa na sababu ya kuzunguka siku nzima kwa barabara ndefu.

Saa sita mchana mkunga aliingia ofisini kuaga. Basi lao lilikuwa la jioni, na walikuwa wamepumzika nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara. Mama alikuwa chumba cha nyuma akiongea na simu, hivyo Chiriku akamkaribisha kiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuwashukuru tu. Babu yako hakulala usiku kucha akiliwazia tangi lake."

"Tangi gani, Bibi?"

"La maji ya kuogea. Lile la juu ya paa, chini ya turubai. Alilifunga mwenyewe mwaka jana, na amejisifu mpaka nimechoka. Lakini nyinyi si mlipanda mkapima? Mmeliona."

Chiriku aliinamia karatasi za mezani. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Bibi aliondoka akiwa ameridhika.

Saa nzima iliyofuata ilikuwa mbaya. Kitabu kiliandikwa kiwandani. Tangi lilifungwa mwaka jana. Alijumlisha kichwani, tangi dogo, sentimita thelathini, na kila alipojumlisha paa lilipita juu ya daraja. Labda tangi ni bapa. Labda Polepole atasimama aangalie. Labda namba ya daraja imewekwa kwa tahadhari na nafasi iliyobaki ni kubwa. Alijua kabisa kwamba anajidanganya. Aliogopa daraja, na aliogopa zaidi sura ya mama yake akisikia.

Mama alitoka chumba cha nyuma, akamwona amekaa kimya. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Unaumwa? Sijasikia sauti yako tangu saa sita."

Chiriku alijikaza. "Mama, sikupima kimo."

"Kimo cha nini?"

"Cha gari-nyumba. Nilikitoa kwenye kitabu. Na juu kuna tangi la maji, Bibi ameniambia sasa hivi. Yaani si sasa hivi. Saa sita."

Mama alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na robo. Hakupiga kelele, ingekuwa nafuu kama angepiga. Alichukua simu akampigia Polepole. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hapokei akiwa kwenye usukani," mama alisema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza." Akaenda kwenye ramani, kidole kikafuata barabara. "Kwa mwendo wake, saa nane atakuwa kituo cha mizani. Daraja liko kilomita ishirini mbele yake. Akivuka mizani hatuna tena pa kumkamatia."

Namba ya mizani ilikuwa inatumika. Mara ya pili pia. Chiriku alisimama kando ya meza akisikiliza ule mlio wa simu, machozi yanamlengalenga. Mama aliendelea kubonyeza, huku akijaribu kwa Polepole kwa ile simu nyingine. Saa nane kasoro dakika tano, karani wa mizani alipokea.

"Lori la buluu, lenye nyumba mgongoni?" karani aliuliza. "Hilo limeshapimwa. Liko getini, dereva anapigiwa muhuri."

"Lizuie, kaka yangu, tafadhali. Mzigo umezidi kimo cha daraja."

Simu ilitupwa mezani upande wa pili. Wakasikia viatu vikikimbia, kisha mluzi. Hatimaye ikaja sauti ya Polepole, haina haraka hata chembe.

"Mama Chiriku, kuna nini tena?"

Mama alimweleza. Polepole akapanda juu, akafunua turubai, akapima. Alirudi baada ya robo saa. Kutoka ardhini hadi kwenye kifuniko cha tangi zilikuwa mita nne na sentimita arobaini na tano.

"Bila tangi ni mita nne na sentimita nane," alisema. "Kulia na kushoto nimepima. Likifunguliwa napita. Lakini si mali yangu, siwezi kugusa bila mwenyewe kusema."

Mama aliweka mkono juu ya simu, akamtazama binti yake. "Tangi ni la Babu. Vuka barabara ukamwombe ruhusa. Na umwambie kwa nini unaomba."

Chiriku hakuwa amewahi kuona barabara fupi namna ile. Alitamani iwe na magari mengi asubiri, lakini ilikuwa nyeupe. Aliwakuta wazee wakila chakula cha mchana barazani. Aliamkia, kisha akasema yote akiwa amesimama, toka mechi mpaka kile kitabu, hadi ile namba ya upande wa kushoto. Hakutia chumvi wala hakupunguza.

Mkunga aliweka kijiko chini. "Nilikuuliza saa sita kama mmeliona tangi," alisema. "Ukatikisa kichwa."

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Nimekasirika, mjukuu wangu. Kila tulicho nacho kimo mle, niliwaambia jana. Nitakusamehe, lakini si sasa hivi."

Mwalimu alifuta mdomo, akauliza kama gari limesimama mahali salama. Alipoambiwa liko mizani, alishusha pumzi. "Mwambie dereva atumie spana namba kumi na tatu. Boliti ni nne, na moja imelika kichwa, nimeiharibu mwenyewe. Amwage maji kwanza, vinginevyo litamwangukia."

Chiriku alirudi mbio na maelekezo hayo. Pale mizani alikuwepo fundi wa matairi mwenye spana, na yeye na Polepole walilishusha tangi kwa muda wa saa moja, wakalifunga kwa kamba kwenye jukwaa la lori. Saa kumi na robo ujumbe uliingia kwenye simu ya mama: limepita chini ya daraja, nafasi imebaki kumi na mbili. Mama aliusoma kwa sauti, akaketi, akavua viatu. Chiriku alipoona hivyo alilia kweli kweli.

Mama alimwacha alie na kusimulia yote, ngazi na mechi, mpaka amalize.

"Ungeniambia jana kwamba ngazi haikuwepo, ningekwenda kuichukua mimi," alisema. "Ungeacha nafasi ya kimo tupu, ningeuliza. Hata ungeandika namba moja mara mbili, ningeshtuka. Wewe ukaongeza sentimita moja, ili niamini. Kukimbilia mechi ni uvivu wa siku moja, na ningeusamehe. Ile sentimita ulikaa ukaifikiria."

"Ndiyo, Mama."

"Mtu akisoma karatasi yetu, hasomi namba tu. Anasoma kwamba kuna mtu alipanda ngazi kwa niaba yake. Polepole angepita chini ya lile daraja kwa moyo mweupe, kwa sababu ya sahihi yangu, na sahihi yangu niliiweka kwa sababu yako. Uongo mdogo haubaki na aliyeusema. Unapanda lori na watu wengine."

Chiriku aliuliza kama amefukuzwa kazi ya kupima.

"Hapana. Ulikuja kusema mwenyewe, na umesema kwa wakati, ingawa saa sita ingefaa zaidi. Utaendelea kupima. Ila kila utakachopima, nitakipima tena nyuma yako. Na mimi sijui hilo litachukua muda gani."

Ilikuwa hivyo. Gari-nyumba lilifika salama, na wiki ya pili mkunga alipiga simu kusema giaboksi inafanya kazi na kwamba amemsamehe. Lakini mama aliendelea kumfuata Chiriku gereji, akishika futikamba yake mwenyewe. Chiriku alipanda ngazi, akapima, akateremka, akasubiri pembeni mama apande. Miezi mitatu ilipita namna hiyo.

Siku moja alirudi ofisini na karatasi ya lori dogo la maziwa lililokatika ekseli. Mama aliipokea, akaisoma, akainua macho kumtazama. Viatu vyake vilikuwa chini ya meza. Hakuvivaa, wala hakuigusa futikamba yake. Alichukua kalamu, akaweka sahihi.