Sikio Safi la Orvin

Orvin alikuwa amelala kiubavu katikati ya Ukumbi wa Mlango, kisogo kimepasuka, na damu yake imeshuka ngazi za jukwaa mpaka kwenye viti vya wazee, utadhani nayo imekuja kuwahi nafasi ya mbele.

Inspekta Wreda Tolmik alichuchumaa kando yake. Wanomi ni watu ambao mrefu wao akinyanyuka vidoleni anafika kwenye goti la mtu wa juu ya ardhi, na Wreda alikuwa mfupi hata kwao. Lakini mahabusu wa mji wote waliapa kwamba akikukazia macho unajiona umesimama shimoni.

"Koplo, nani amemgusa?"

"Hakuna, afande," alisema Koplo Jib. "Mfagizi alimwona kutokea mlangoni akapiga ukelele mpaka popo wa ngazi ya juu wakahama. Hakuingia."

"Na hii nyundo?"

"Ya Kobi Tisk, fundi wa mabomba. Jina lake limechongwa kwenye mpini. Tumeshamtia pingu. Baraza limefurahi sana."

"Baraza hufurahi mapema."

Lilikuwa na sababu. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Mlango. Kila mwaka Orvin, mkariri wa historia, alipanda jukwaa lile akasimulia jinsi mazimwi walivyoteketeza miji ya juu, Wanomi wakakimbilia chini ya mlima, na msichana mmoja akavuta mnyororo wa Mlango mkubwa huku pumzi za mazimwi zikimchoma nywele. Baraza halikutaka kusherehekea huku muuaji yumo ndani. Kobi angetolewa nje asubuhi, Mlango ufungwe nyuma yake. Mazimwi bado walikuwako huko nje, na hawakuwa wamefunga kula.

Dokta Pradda, mchunguzi wa maiti, alijifuta mikono. "Pigo moja, kutoka nyuma. Hakufa papo hapo. Alihema kidogo."

"Na hili je?"

Inspekta alionyesha sikio la kulia. Kichwa kizima kilikuwa damu tupu, lakini sikio hilo lilikuwa safi, limepanguswa, linang'aa kwa mafuta ya taa.

Kila Mnomi pale alijua maana yake.

Mnomi hana jina moja. Lipo la barazani, la kuitwa na kila mtu. Mengine hupewa na wale wanaompenda, mmoja mmoja, na aliyekupa jina hukuita kwa hilo tu maisha yake yote. Ukifa, yeye hukupangusa sikio, akalipaka mafuta, akakunong'oneza jina alilokupa kwa mara ya mwisho na kulichukua. Toka hapo halitamki tena mpaka ampe mtoto mchanga. Jina likiachwa ndani ya maiti huoza nayo.

"Kuna mtu ameshachukua la kwake," Wreda alisema polepole. "Kabla yetu."

*

Kule mahabusu, Kobi Tisk alikuwa amelia mpaka ndevu zikalowa.

"Nyundo yako?"

"Yangu! Aliniibia mwenyewe, afande. Sisi watani. Mimi nilimtilia chura kwenye buti, naye akaniibia nyundo. Ilikuwa zamu yangu!"

"Ulisema sokoni utampasua kichwa."

"Nimesema hivyo tangu tukiwa tunatambaa. Mtani asiyekutishia kifo, huyo ana kinyongo."

"Uliwahi kumpa jina?"

"Mtani anatoa matusi, afande. Jina la nini?" Akajifuta ndevu. "Wakinitoa nje, nani atamtania kaburini? Atazikwa kimya kama mtu asiye na watu?"

Wreda alifunga mlango wa seli.

Mjane, Sannet, Wreda alimkuta kwenye chumba cha maiti, kibakuli cha mafuta mkononi, akisubiri ruhusa.

"Ni nani walio hai waliompa mumeo jina, dada?"

"Wazazi wake walishatangulia. Dada yake yuko migodi ya chumvi, hata habari haijamfika. Nimebaki mimi na Fendrel Kastok, yule msaga lenzi. Hawa wamekua pamoja. Fendrel alifukiwa na shimo la mgodi utotoni, mume wangu akaingia na taa ndogo kumtafuta. Toka siku hiyo Fendrel akamwita Kimulimuli. Hata harusini kwetu alipaza sauti, 'Kimulimuli, usimkanyage bibi harusi!'" Alicheka.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwa binti yetu, anajifungua. Uliza mkunga. Uliza mtaa mzima, alivyopiga makelele."

"Mumeo alikuwa na jambo moyoni?"

"Alisema sikukuu hii atasimulia kitu kitakachowauma watu. Nikamwuliza kitu gani, akasema si siri yake, hawezi kunipa."

*

Karakana ya Fendrel Kastok ilinuka vumbi la kioo. Gurudumu la kusagia lilikuwa linazunguka. Nyuma yake, pazia lilifunika chumba cha mama yake, Bibi Alvessa, ajuza asiyeona tena, aliyebebwa kitini kila sikukuu huku mji mzima ukimpigia vigelegele. Ndiye yule msichana wa mnyororo.

"Pole kwa msiba, ndugu Fendrel."

"Nimeshapoa, afande. Orvin alikuwa mtu mwema."

"Umekwenda kumwona?"

"Bado. Miguu imekataa."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Juzi, hapa hapa. Tulikunywa supu ya uyoga. Orvin alinitania kwamba nimeipika kwa gundi."

"Orvin?"

"Ndiyo, Orvin."

Gurudumu lilizunguka. Wreda aliona kwamba halikuwa na lenzi.

"Shimo lilipokufukia, nani aliingia na taa?"

"Yeye."

"Ukamwitaje siku hiyo?"

Fendrel aliongeza kasi ya gurudumu.

"Mimi polisi namwita Orvin. Mfagizi anamwita Orvin. Wewe ni sahibu yake, na unasema hujaiona maiti. Basi jina ulilompa hujalichukua. Litamke mara moja, niende zangu."

Fendrel alifungua kinywa. Midomo ilijiunda, ikafumba. Akajaribu tena. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Ni neno tu," Inspekta alisema, sauti yake imeshuka. "Ungeweza kunidanganya."

"Nimeshamuua. Unataka nimtukane pia?"

Koplo Jib alisogea na pingu. Wreda alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi dhidi yako."

"Nitasema. Lakini polepole, mama asisikie." Fendrel alinyoosha mikono ikafungwa. "Aliniita ukumbini nisikilize kabla ya wengine. Alisema ananiheshimu. Akakariri. Afande, mazimwi hawakuwa wamefika. Walikuwa bado ng'ambo ya bonde. Waliokuwa mlangoni ni watu wetu, wa Bonde la Shaba, wako darajani na watoto mgongoni, wanamwita yule msichana kwa majina. Msichana aliogopa, akavuta mnyororo. Waligonga mpaka mazimwi wakawafikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwomba angoje. Mama hana siku nyingi, afe kwanza na heshima yake. Akasema haiwezekani. Nikamwuliza, umeyatoa wapi haya? Akakataa kusema, akanipa mgongo. Nyundo ilikuwa mezani." Alizitazama pingu. "Alinitazama akiwa chini. Alitaka kuniambia kitu, sauti haikutoka. Alipokata roho nikampangusa sikio. Nisingeweza kuliacha jina lake mule."

"Ukaiacha nyundo ya Kobi."

"Sikuipanga. Nilikimbia tu. Niliposikia wamemkamata, nikanyamaza."

"Ulijua watamtoa nje."

"Nilijua."

"Ungemsikia akigonga."

Fendrel aliinamisha kichwa. Pingu zikalia.

Pazia lilifunguka. Bibi Alvessa alikuwa amesimama kwa kushika ukuta, nywele zake nyeupe zimeshasukwa kwa ajili ya sikukuu.

"Nasikia vyuma," alisema. "Nani huyo?"

"Polisi, bibi."

Ajuza alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi Orvin ameshasema. Kijana jasiri huyo. Nimembembeleza weee, anakataa, anasema, bibi, itamvunja mwanao. Mpaka nikamwapisha asimwambie huyu Kito wangu kwamba habari imetoka kwangu mwenyewe. Angenizuia, huyu. Ananipenda mno."

Fendrel alitoa sauti ambayo Koplo Jib alisema baadaye hakuwahi kuisikia kwa kiumbe, wala hakutaka kuisikia tena.

"Kito? Uko hapo, mwanangu? Usilie. Nilitaka kwenda nikiwa mwepesi." Akapiga hatua mbele, akanyoosha mikono yake miwili mikavu kuelekea walipo polisi. "Haya. Nifungeni, mbona mnangoja?"

Inspekta Wreda alimtazama Koplo. Walikuja na pingu jozi moja tu.