Kucha za Kushikia

Mikono ya yule mwanamke haikukubali kukauka. Beldina aliipangusa kwa taulo mara tatu, na mara tatu maji yakachuruzika tena vidoleni, yakinuka tope la ziwa. Ilikuwa saa saba mchana, jua likichoma mabati ya mtaa wa Nyalenda. Ndani ya saluni walikuwamo watu watatu tu: Beldina, mdogo wake Seline aliyekuwa akifagia, na huyo mteja aliyesema ametoka Luanda Kotieno, kule ufuoni mwa ziwa.

Kucha zake zilikuwa zimetafunwa hadi kwenye nyama.

"Mama, kwa kucha fupi hivi nakushauri rangi ya jeli tu, nyembamba," Beldina alimwambia. "Zikikua kidogo nitazipaka jeli nzito zipate nguvu. Hizi kucha ndefu za kuongezea unazotaka zinahitaji ukucha wa kuzibeba. Kwako zitang'oka na nyama."

"Niongezee. Ndefu."

"Zitakuumiza, mama."

"Fupi hazishiki," mwanamke alisema polepole. "Kila mara nateleza."

Beldina alijua si sawa, lakini alichoka kubishana. Alichukua jeli ngumu, ile isiyoyeyuka kwa asetoni, dawa ya kutolea rangi, akamjengea kucha kumi nyekundu, ndefu kama vidole vya mtoto. Mwanamke aliinuka, akamwendea Seline kwa nyuma, akamwekea mikono mabegani na kubonyeza.

"Sasa zinashika," akasema, akatoka.

Asubuhi iliyofuata Seline hakuweza kuinuka kitandani. Mabegani alikuwa na vishimo kumi, vyembamba, vyenye ubaridi.

"Dada, kuna mtu mgongoni," alinong'ona. "Ananivuta chini. Nasikia maji."

Kliniki walimpa dawa za malaria. Siku ya tatu vile vishimo vilikuwa vimepanda hadi shingoni, na Seline alikuwa akitapika maji meusi yenye majani ya ziwa. Beldina alikimbia kwa jirani, Mama Nabututu, mjane aliyewaombea wagonjwa kanisani kwao.

Mama Nabututu alipitisha kiganja hewani juu ya shingo ya Seline, akakiondoa haraka. Kilikuwa kimechanika.

"Ni jini, na limemshika kwa kucha," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alilitengenezea kucha?"

Beldina alipiga magoti. "Ni mimi, mama. Nisaidie, sina mwingine duniani ila huyu."

"Mimi nitaomba. Lakini kucha ni kazi ya mikono yako."

Beldina alimwaga asetoni shingoni mwa mdogo wake, chupa nzima, ngozi ikawa nyekundu, vishimo vikazidi kuzama. Ndipo akakumbuka ni jeli gani aliyotumia. Hiyo haiyeyushwi, husagwa tu.

Akashika tupa yake ya kucha, akaishusha mahali pasipo na kitu, juu kidogo ya kishimo cha kwanza, na tupa ikagonga kitu kigumu. Akasugua, huku Mama Nabututu akikemea kwa jina la Yesu na Seline akikoroma kama mtu aliye chini ya maji, akasugua huku vumbi jekundu likidondoka kutoka hewani juu ya shuka nyeupe, kishimo cha kwanza kikajaa, cha pili, cha tano, harufu ya tope ikajaa chumbani hadi machozi yakamtoka, na kila kishimo kilipojaa vilivyobaki vilizama zaidi, mpaka ukabaki ukucha mmoja wa gumba, kwenye koo, na midomo ya Seline ikawa ya buluu, na Beldina akasugua akilia, "Mwachie, tafadhali, nichukue mimi, mwachie," na tupa ikamkata vidole naye asisimame.

Kitu kikakatika.

Seline alivuta pumzi kwa mlio, akaanza kulia kama mtoto. Hapo hapo Beldina alihisi ncha za vidole, baridi, laini, zisizo na kucha, zikimpapasa kifundo cha mkono, zikitafuta pa kushika, zikiteleza. Kisha hazikuwepo. Sakafuni palikuwa na maji hadi mlangoni.

Alimkumbatia mdogo wake mpaka mwili ukapata joto.

"Limeondoka, mama?" Beldina aliuliza.

"Limeachia."

"Halitarudi?"

Mama Nabututu alikuwa akifunga kitambaa kwenye kiganja kilichochanika. Hakuinua uso.

"Kucha huota tena, mwanangu."