Mbegu Zilizopikiwa Vibarua

Majirani zangu, sogezeni vigoda mkae. Leo sina la kuwachekesha. Nina habari ya nyumba moja ya huku kwetu juu, Busasamana, ya chungu cha mbegu kilichokuwa ndani yake, na jinsi chungu hicho kilivyokuja kubaki kitupu.

Ilikuwa mwezi wa nane, mvua zikikaribia, na uani kwa Donat walikuwa wakichambua maharagwe. Nyiramana, mama yake Donat, alikuwa amekaa mkekani na miguu ameinyosha. Mbele yake alikaa Vénantie, mkazamwana wake, na katikati yao Igihozo, binti wa nyumba. Maharagwe yale yalikuwa ya kila namna: meusi, mekundu, ya manjano, meupe yenye madoa, na mengine madogo ya kijivu ambayo sokoni hakuna ambaye angeyageukia. Nyiramana alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri tena, lakini vidole vyake vilijua kazi.

"Hii ndefu inavumilia mvua," alimwambia mjukuu wake. "Hii ya muviringo inavumilia jua. Hii kadogo haizae sana, lakini hata mwaka moja haijakosa."

Mbegu zile zilitoka Masisi, ng'ambo ya mpaka. Nyiramana alirudi nazo kutoka ukimbizini mwaka wa tisini na sita, amezifunga katika kitenge kiunoni, na wakati wengine wakilia masufuria na magodoro waliyoyaacha, yeye alikuwa akipapasa kiuno chake kuhakikisha fundo halijalegea. Kila mwaka alizichanganya na majivu na kuzihifadhi katika chungu kikubwa nyuma ya mlango. Jirani aliyeharibikiwa na shamba alikuja kuomba na hakunyimwa. Na binti wa nyumba ile alipoolewa, alitoka na kibuyu kidogo kilichojaa mbegu hizo. Liliane, dada yake Donat aliyeolewa Rugerero, alitoka nacho. Cha Igihozo kilikuwa tayari kimetundikwa ukutani kinamsubiri, na Vénantie ndiye aliyekabidhiwa chungu siku macho ya mama mkwe yalipoanza kufifia.

Sasa niwaambie kuhusu Donat. Hakuwa mlevi, hakuwa mpiga mke, kanisani alikuwa wa viti vya mbele. Kasoro yake ilikuwa moja: akiletewa habari njema, huondoka amesikia nusu yake.

Mwisho wa mwezi ule, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja, afisa kilimo alisimama akazungumza. Mashamba ya mteremko yataunganishwa na kulimwa zao moja, na zao lenyewe ni viazi, ambavyo huku kila mtu huviita birayi. Udongo wetu wa volkano unavipenda, mji wa Goma ng'ambo ya mpaka unavila asubuhi na jioni, na ardhi ikipangwa vizuri mmomonyoko utapungua. Alisema pia kila nyumba iache bustani yake ya mboga na maharagwe ya kula. Lakini wakati huo Donat alikuwa ameshageukia jirani yake, wanazungumza habari za matofali.

Alirudi nyumbani na uso unang'aa. Nyiramana hakuwapo, Liliane alikuwa amemchukua Rugerero akatibiwe macho.

"Mama Igihozo, tunalima birayi mpaka ku mulango," akasema.

"Na ka bustani? Agronome alisema tuache ka bustani."

"Ka bustani kanazaa nini? Goma iko inakula birayi kila siku. Maharagi tutanunua ku soko, sawa watu wote."

Siku ya kupanda walikuja vibarua wanane. Fedha yote ilikuwa imekwenda kwenye mbegu za viazi na mbolea, na Vénantie alipotazama jikoni hakuona cha kuwapikia. Akamwita mumewe pembeni.

"Chakula iko," Donat akamjibu. "Ile chungu ya mama."

"Ile ni mbegu, Baba Igihozo."

"Mbegu ya kupanda wapi? Shamba yote ni birayi. Watu wako na njaa, we unachunga maharagi ya Masisi."

Vénantie alisimama mbele ya chungu kwa muda. Angeweza kukataa. Angeweza kwenda kwa jirani kukopa viazi vitamu vya siku moja. Nasema haya kwa sababu yeye mwenyewe huyasema hadi leo. Badala yake alijiambia kwamba atachota nusu tu, na nusu itabaki. Akachota, akaosha yale majivu mara tatu, maji yakatoka ya kijivu, akabandika sufuria.

Kibarua mmoja aliyeitwa Vénuste alikula hadi akalamba sahani. "Mama, hii maharagi ni tamu sana," akasema. "Kila moja na utamu yake."

Vénantie alitabasamu, lakini yeye hakula. Kesho yake kazi ikaendelea, na ile nusu nyingine ikafuata.

Wiki moja baadaye alikwenda soko la Mahoko akanunua, kwa fedha ya kukopa, maharagwe mafupi mekundu, ya aina moja, akayachanganya na majivu na kujaza chungu mpaka mdomoni. Alikuwa akimpenda mama mkwe wake, na ndiyo maana alidanganya. Aliona heri kikongwe adanganyike kuliko aumie. Wengi wetu tumewahi kufanya hesabu ya namna hiyo.

Nyiramana alirudi kwa pikipiki, macho hayajapona. Kabla ya kunywa chochote alipapasa hadi nyuma ya mlango, akafunua chungu na kutia mkono mpaka kwenye kifundo. Akaukawiza humo ndani.

"Mbegu iko salama?" akauliza.

"Iko salama, Mama."

Bibi akatoa mkono, akakung'uta majivu, akafunika chungu. Akaomba maji ya kunawa.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri kweli, sitaki kumsingizia mtu. Donat alinunua matofali na kuyapanga uani, pale pale walipokuwa wakichambulia maharagwe. Mwezi wa pili akapanda viazi tena mpaka ukutani, na mteremko mzima ukafanya vile vile. Ilipendeza macho, lakini hakukuwa tena na jirani wa kuja kuomba mbegu, wala wa kuketi mkekani.

Mwezi wa tatu ugonjwa ule mliousikia ukafunga dunia, na Grande Barrière, kivuko chetu cha kwenda Goma, ikafungwa pamoja nayo. Malori makubwa yaliendelea kupita, lakini wanawake waliovuka na magunia, wale waliokuwa wakinunua viazi vyetu, walizuiwa. Sisemi ulikuwa uonevu, watu walikuwa wakifa. Nasema tu kwamba viazi havijui habari za mpaka. Vilikomaa siku yao ilipofika, vya kila nyumba kwa pamoja, na mjini hoteli zilikuwa zimefungwa.

Donat alipakia magunia mawili kwenye baiskeli akashuka nayo hadi kando ya ziwa, pale mpakani. Jioni alirudi nayo yote mawili.

"Goma naiona na macho yangu," alimwambia mkewe. "Hata moshi ya majiko yao naiona."

Viazi vilirundikwa uani, mvua ikavinyeshea, vikaanza kutoa maji meusi na harufu iliyoingia hadi kwenye nguo za kanisani. Vilivyofaa vililiwa hadi vikakinaisha, kisha navyo vikaisha. Maharagwe sokoni yakapanda bei kiasi kwamba Vénantie aliyatazama tu na kupita, na yale ya chunguni hakuthubutu kuyagusa, Nyiramana asije akajua. Igihozo akakonda mabega.

Siku hizo Vénantie alimkumbuka Mukandutiye, jirani wa ng'ambo ya bonde. Mwaka uliotangulia Nyiramana alikuwa amempa kikapu kizima cha mbegu zile, na Mukandutiye alizipanda nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo wapimaji wa mashamba hawakufika. Kikombe kimoja tu kingetosha kuanza upya. Mara mbili Vénantie alifika hadi kwenye uzio wake na mara mbili akageuka. Mukandutiye na Nyiramana walisali pamoja kila Alhamisi, na kumwomba mmoja ni kumwambia mwingine. Aibu ikamrudisha nyumbani mikono mitupu.

Mwezi wa tisa Donat mwenyewe, bila kuambiwa, alisafisha shamba la viazi lililozunguka nyumba ili wapande maharagwe. Walichota zile nyekundu za Mahoko. Miaka yote Nyiramana ndiye aliyetia mbegu ya kwanza ardhini, lakini mara hii alibaki kizingitini.

"Pandeni tu," akasema.

Yaliota vizuri. Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha wiki tatu mfululizo, majani yakawa ya manjano, na Vénantie alipong'oa shina moja akakuta mzizi umeoza. Akang'oa la pili na la tatu, yote yakawa hivyo hivyo. Zamani mvua ya namna ile iliua meupe na ya manjano, na yale marefu na yale madogo ya kijivu yakabaki yamesimama, watu wakala. Alikaa chini kwenye matope akalia kwa sauti, na Donat aliyekuwa karibu akaendelea kung'oa mashina.

Baada ya Mwaka Mpya Nyiramana akashikwa na kifua, hainuki tena. Siku moja mchana, Vénantie akimnywesha uji, kikongwe akasukuma kikombe kando.

"Mutoto yangu, ile chungu. Nilijua siku ile ile nilirudi. Nilitia mukono, nikakuta zote ni moja."

Vénantie alipiga magoti pale pale. "Juu ya nini hukusema, Mama?"

"Nilikuwa nangoja useme we mwenyewe. Chungu ilikuwa yako. Kila asubui nilisema, leo atasema. Ungesema, tungetuma Igihozo kwa Mukandutiye, alikuwa nazo."

"Acha nikimbie sasa."

"Enda."

Alikimbia. Alivuka bonde bila viatu, akafika kwa Mukandutiye akihema, akaeleza kila kitu papo hapo mlangoni, mbele ya watoto. Mukandutiye alimshika mkono akamketisha.

"Dada, tulipika za mwisho mwezi wa saba," akasema. "Watoto walikuwa wanalia. Nilitaka kubakisha kidogo ya kupanda, lakini nikasema, bon, mbegu haiwezi kukosa kwa Nyiramana. Nitaenda kumuomba."

Vénantie alirudi polepole. Njia nzima alijiuliza amwambieje mgonjwa, na uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, rahisi: kwamba zipo, kwamba wataletewa kesho. Alipoingia, kikongwe aligeuza kichwa.

"Iko?"

"Hapana iko, Mama. Waliisha kupika zote. Walikuwa wanategemea zetu."

"Liliane naye hana. Aliacha kulima zamani," Nyiramana akasema. Kisha akautafuta mkono wa Vénantie juu ya blanketi. "Leo umesema ukweli. Na mi nilikosa. Nilikuwa nakupima, na mbegu ikawa inakufa."

Alizikwa kabla ya Pasaka. Mwaka ule ule, miezi ya jua, Igihozo akaposwa na kijana wa Rugerero. Asubuhi ya kuagwa, Donat alitaka kibuyu kijazwe maharagwe ya dukani wageni wasije wakaona aibu ya nyumba. Vénantie akakataa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatalia, na Donat hakubisha.

Alisimama mbele ya wakwe akakishika kibuyu kwa mikono miwili. "Hapa ndani kulikuwa kunapaswa kuwa mbegu ya bibi yake," akasema. "Mi nilizipika. Baba yake alisema nipike, lakini mukono ulikuwa wangu. Halafu nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulizimaliza. Namupa kibuyu tu."

Igihozo alikipokea. Akakitikisa karibu na sikio, kama bibi alivyomfundisha kutambua mbegu iliyokauka vizuri. Hakikulia. Akakifunga kwenye kitenge chake, kiunoni, akaondoka nacho.

FUNZO

Majirani zangu, sikusimulia haya ili tumcheke Donat. Wangapi kati yetu huondoka mkutanoni na nusu ya maneno? Afisa alisema acheni bustani, na mteremko mzima tukapanda viazi hadi mlangoni. Mkulima asikie habari yote, na hata akiisikia yote, asile mbegu yake kwa tamaa ya mavuno ambayo hajayaona.

Na ninyi mnaopanga mashamba yetu na biashara yetu, nawaomba kwa heshima. Mkija kupima mteremko, waulizeni na akina mama kuna nini kwenye vyungu vyao. Mkitupatia zao moja na mlango mmoja wa kuliuzia, basi siku mlango unapofungwa, sisi huku juu hatuna ufunguo wake.

Lakini zaidi ya yote, ukikosa, sema siku hiyo hiyo. Kosa la Vénantie lingeponywa na kikombe kimoja cha jirani. Lililolifanya lisiponyeke ni kunyamaza kwake, na kunyamaza kwa yule aliyekuwa akimngoja.

Sasa nimalize kwa ombi. Kama nyumbani kwako bado zipo mbegu za rangi nyingi, hasa yale madogo ya kijivu, usiyadharau, mgawie jirani kikombe. Igihozo anaishi Rugerero na kibuyu chake kimetundikwa ukutani hadi leo. Ukipita huko na mbegu mkononi, hata ziwe tano, bisha hodi.