Sanduku la Damu, Stesheni ya Hat Yai

"Bundi, mchele umeibwa ghalani," sauti ilisema redioni.

Wilawan alikanyaga mafuta. Hilux ikaruka.

Bundi ni yeye, jasusi wa serikali. Mchele ni sanduku la damu iliyogandishwa, damu ya mamia ya familia zenye watoto wenye usonji. Madaktari waliitumia kutafuta vinasaba vinavyochangia hali hiyo. Humo mlikuwa na vichupa vya dada yake Pranom na vya Pim, binti wa Pranom asiyesema.

"Mlinzi?" akauliza redioni.

"Kachinjwa. Mwizi ni Kriengsak, anampelekea mgeni mmoja wa ng'ambo pale stesheni. Mgeni atawauzia wazazi sindano ya uongo ya kuponya usonji, majina ya watoto kwenye vichupa ndiyo tangazo lake."

"Mgeni ana sura gani?"

"Hatujui."

Alipofika stesheni, nyuma ya mabehewa, kijana wa Kriengsak alimrukia na kisu. Wilawan akamvunja kiwiko, akamgongesha uso kwenye chuma. Jino likadondoka.

"Okota, usije ukasema nimekuibia."

Akaingia jukwaani. Kriengsak, askari wa zamani, shingo nene kama gogo, alikuwa katikati ya abiria na sanduku lake. Alipomwona, mkono ukaenda kiunoni.

Saa mbili asubuhi ikagonga. Spika zikapiga wimbo wa taifa, kama kila asubuhi.

Kila mtu akasimama. Wachukuzi, watawa, muuza supu na mwiko wake. Kriengsak naye akatua sanduku na kunyoosha mikono mapajani, kama alivyozoeshwa tangu darasa la kwanza. Wilawan naye akasimama wima, nyuma yake.

"Dada, unaniharibia siku," Kriengsak alinong'ona.

"Nyoosha mgongo, kaka. Wimbo haujaisha."

"Ukiisha nakuua."

"Haya. Kwa sasa simama vizuri, watawa wanakuangalia."

Mtu mmoja tu alikuwa anatembea. Suti ya kitani, miwani ya jua, macho kwenye sanduku. Muuza supu alimtazama kama mtu aliyeingia na viatu sebuleni.

Mgeni kapatikana.

"Mteja wako hana adabu," Wilawan alisema.

Wimbo ukakatika.

Kriengsak alichomoa bastola. Glock ya Wilawan ikawahi, risasi mbili kifuani. Watu wakalala chini. Mgeni alinyakua sanduku kwa mkono mmoja, bastola kwa mwingine. Risasi ya tatu ikamng'oa vidole. Teke likamtupa relini, taya likapasukia kwenye chuma. Hakuinuka.

Kifuniko kilikuwa wazi. Wilawan alirudisha barafu kavu kwa mikono mitupu, ngozi ikababuka kwa baridi yake. Vichupa vyote vilikuwa bado vimeganda.

Akampigia Pranom.

"Damu yenu iko salama."

"Mama mkwe anauliza kama imeonyesha kwamba Pim kaharibika kwa damu ya upande wangu."

"Pim hajaharibika. Vinasaba ni vingi, vya kwetu na vya kwao, na vingine huanza na mtoto mwenyewe. Muulize, nani alikuwa akipanga vifuniko vya soda kwa rangi mpaka kidato cha nne?"

"Mwanawe, mume wangu," Pranom alisema, akaanza kucheka.

Wilawan alimpa muuza supu hela.

"Weka pilipili nyingi, shangazi."

Akaondoka na bakuli mkono mmoja, sanduku mwingine.