Wingu Lililofundishwa Ulaya

"Mvua imevuka Eyasi," sauti ya Mkuu ilisema redioni kutoka Karatu.

Evarista Tluway, afisa wa Usalama, alijua maana yake. Ndege inakuja.

Alitazama upande wa kreta ya Ngorongoro. Hakuona kitu. Ilikuwa asubuhi, Aprili 1985, katikati ya masika, na wingu lilikuwa limelala ukingoni mpaka kwenye majani.

Mbele yake Haller, mpiga picha wa kigeni, alikaa kwenye tope amefungwa pingu. Senteu, askari wa hifadhi, alimwelekezea bunduki.

Mwaka mzima Haller alijifanya anatengeneza filamu ya utalii. Kumbe kamera yake ya Arriflex ilikuwa ikipiga mawingu. Filamu zilikwenda Ulaya, zikaingizwa kwenye kompyuta ya mtambo wa kufundishia marubani: chumba kisichoruka, chenye usukani wa ndege na kioo kinachoonyesha anga. Humo ndimo rubani wa genge lake la majangili alimojifunza kupenya wingu hili, atue ndani ya kreta bila kuonekana, apakie pembe za faru, atoweke.

Pembe zilikwishakamatwa. Alibaki rubani, na ni yeye peke yake aliyewajua wanunuzi.

Evarista alimtaka hai.

Redio ya Haller ilikoroma. Alikuwa rubani.

"Ukingoni, hali ikoje?"

Senteu alimnong'oneza Evarista asijibu, amwache aje aanguke. Genge hilo lilikuwa limemuua askari mwenzake, mtu wa rika lake, na hata mwili hawakuukuta wote.

Evarista alibonyeza kitufe.

"Usishuke. Wingu limegusa ardhi. Geuza, utue Arusha."



"Wewe nani?"

"Usalama."

Rubani alicheka. "Dada, wingu hili nimelipita mara nyingi. Ukivuka ukingo tu, linafunguka. Unachotaka ni kunikamata."

"Ndiyo, nataka kukukamata. Lakini halifunguki. Geuza."

Redio ikakatika.

Muungurumo wa Cessna ulipita kushoto kwao, chini mno. Injini ikapiga kelele kama inayovutwa juu kwa nguvu.

Kisha mlio wa chuma na miti.

Kisha hakuna mlio tena.

Senteu alishusha bunduki. Hakuonekana kufurahi.

Evarista alichuchumaa mbele ya Haller, akamuuliza kwa nini wingu la kwenye kioo cha mtambo lilikuwa linafunguka.

"Siku za ukungu mzito kamera haikuona kitu. Nilibaki hotelini."

"Siku zote za namna hiyo?"

"Zote."

Evarista alisimama, akashika redio yake.

"Mkuu, imekwisha. Leteni machela."

"Yuko hai?"

"Sidhani."

Alimwambia Senteu ampandishe Haller kwenye Land Rover. Akafunga zipu ya koti, akachomoa bastola yake ya Makarov, akaingia msituni peke yake, akifuata harufu ya petroli.

Baada ya hatua chache wingu likamfunika.